Mmea Uliodai Damu: Filamu ya Siku Mbili na Swali la Mwenye Hadithi

Wanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba ngano haina mwandishi. Ina mtambaji, ina hadhira, ina mahali na wakati wa kutambwa, lakini hapana mtu mmoja awezaye kusimama na kudai kuwa ni yake. Filamu, kinyume chake, huhesabiwa kuwa mali tangu siku ya kwanza: ina kampuni, ina mikataba, ina majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni na mwishoni. Tofauti hii imezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuhojiwa. Mhadhara huu unaihoji kwa kufuata historia ya filamu moja ya Kimarekani, ya bei rahisi mno, ya kutisha na kuchekesha kwa pamoja, ambayo mwenyewe hakujishughulisha kuilinda, na ambayo kwa kukosa mlinzi ilipata uhai ambao filamu nyingi zilizogharimu mara mia zaidi hazikuupata. Filamu hiyo ni The Little Shop of Horrors, yaani Duka Dogo la Vitisho, iliyoongozwa na Roger Corman na kutolewa mwaka 1960.

Huenda ikaonekana ajabu kwamba taaluma za Kiswahili zishughulishwe na mmea wa bandia uliotengenezwa California. Lakini kiini cha hadithi hii ni kitu kidogo kinacholelewa ndani ya nyumba, kikala, kikakua, kikazoea damu, hadi kikammeza aliyekilea. Kiini hicho si kigeni kwa watambaji wa Unguja wala kwa wazee wa Usambara. Mswahili anayeitazama filamu hii kwa mara ya kwanza hukutana na mgeni mwenye sura ya jamaa.

Wiki ya mwisho ya Desemba 1959

Roger Corman (1926–2024) alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Stanford kabla ya kuingia katika sinema, na uhandisi huo unaonekana katika namna alivyopima kila senti na kila saa. Kufikia mwaka 1959 alikuwa ameongoza filamu zaidi ya ishirini. Soko lake kubwa lilikuwa vijana waliokwenda kwenye viwanja vya wazi ambako sinema ilitazamwa kutoka ndani ya gari, na desturi ya soko hilo ilikuwa kuonyesha filamu mbili kwa tiketi moja. Filamu ya pili haikutazamiwa kuwa nzuri, ilitazamiwa kuwapo.

Mwishoni mwa mwaka huo mambo mawili yaligongana. Katika studio moja ya Hollywood palikuwa na mandhari yaliyokwisha kujengwa kwa ajili ya kazi nyingine na yaliyokuwa yakingoja kubomolewa. Tena, kuanzia tarehe 1 Januari 1960 ulitarajiwa utaratibu mpya ambao ungewalazimu watayarishaji kuwalipa waigizaji kila filamu inapoonyeshwa upya, badala ya kuwalipa mara moja na kumaliza deni. Corman aliona mlango unafungwa, akaamua kupita kabla haujafungwa. Yafaa jambo hili lizingatiwe na wale wanaopenda kuisifu filamu hii kama tunda la uhuru wa msanii. Ilizaliwa katika haraka ya kukwepa malipo ya wafanyakazi.

Inasemwa mara kwa mara kwamba filamu ilipigwa kwa siku mbili. Hilo ni kweli kwa sehemu. Waigizaji walifanya mazoezi kwa siku tatu, kisha matukio ya ndani yakapigwa kwa siku mbili, kamera mbili zikienda kwa wakati mmoja. Matukio ya nje yalipigwa baadaye na Charles B. Griffith, mwandishi wa mswada, akishirikiana na mwigizaji Mel Welles, katika mitaa ya mafukara ya Los Angeles iitwayo Skid Row. Watu waliokuwa wakilala mitaani walipewa senti chache ili wapite mbele ya kamera. Gharama yote ilikuwa takriban dola 30,000, na filamu iliyopatikana, isiyo na rangi, ilikuwa na urefu wa dakika 72 hivi.

Haraka hiyo imeacha alama zake katika filamu yenyewe. Jack Nicholson, wakati huo kijana wa miaka 22 asiyejulikana, aliigiza mgonjwa anayekwenda kwa daktari wa meno akitamani maumivu kama mtu mwingine anavyotamani halua. Baadaye alisimulia kwamba katikati ya tukio hilo mwigizaji mwenzake aliipiga kwa mguu mashine ya meno iliyokodishwa, ikaanza kupinduka. Corman hakusubiri hata kutangaza kwamba kamera isimame. Aliruka, akaidaka mashine ya watu, akaamuru kikosi kihamie tukio linalofuata. Mwisho wa tukio haukupigwa kamwe. Mtazamaji asiyejua hilo huona tu kwamba tukio limekatika ghafla, na hucheka, kwa kuwa ukatikaji wenyewe unalingana na wazimu wa mgonjwa yule.

Griffith na Corman walikuwa wametoka kushirikiana katika A Bucket of Blood (1959), iliyopigwa kwa siku tano. Humo kijana mtumishi wa mkahawa anafunika maiti ya paka kwa udongo wa mfinyanzi, wasanii wanaoshinda mkahawani wanamsifu kuwa mchongaji wa ajabu, naye, ili sifa zisikome, anahamia kwa binadamu. Mifupa ya hadithi ni ile ile iliyovishwa nyama nyingine mwaka uliofuata. Kabla ya kufika kwenye mmea, Griffith alipendekeza kisa cha mpishi anayewapika wateja wake. Hilo lisingepita mbele ya kanuni za ukaguzi wa filamu za wakati ule. Basi ikawa mmea. Mtu kula mtu kulikatazwa, mmea kula mtu hakukuwa na kifungu.

Kisa chenyewe

Seymour Krelboyne, aliyeigizwa na Jonathan Haze, ni kijana mnyonge anayefanya kazi katika duka la maua la Mushnick, duka linalokaribia kufa kwa kukosa wateja. Anaishi na mama anayejifanya mgonjwa wa kila ugonjwa na kunywa dawa kama watu wanavyokunywa chai. Akiwa katika hatari ya kufukuzwa kazi, Seymour analeta mmea wa ajabu alioukuza kutokana na mbegu alizopewa na mkulima wa Kijapani, akauita Audrey Junior kwa heshima ya msichana anayempenda. Mmea unanyauka. Usiku mmoja anajikata kidole, tone la damu linaanguka, na mmea unafunua kinywa. Tangu hapo unasema, na unachosema ni kudai chakula.

Maiti ya kwanza inapatikana kwa bahati mbaya, pale Seymour anaporusha jiwe na kumwangusha mlevi relini. Ya pili ni ya daktari wa meno aliyekufa katika mapambano. Kila mmea unapokula unakua, kila unapokua watu wanakuja kuutazama, na kila wanapokuja duka linapata fedha. Hapo ndipo ulipo ubongo wa hadithi. Mushnick anamwona kijana wake usiku akiulisha mmea viungo vya mtu, anakusudia kwenda polisi, lakini asubuhi anakuta foleni ya wateja mlangoni. Anafumba mdomo. Mwigizaji Mel Welles anaubeba ukimya huo kwa uso tu, na ni mojawapo ya nyakati ambazo filamu hii ya kubahatisha inapanda hadi kwenye usanii usiohitaji kuombewa radhi.

Mwishoni machipukizi ya mmea yanachanua mbele ya hadhara, na katikati ya kila ua umo uso wa mmoja wa walioliwa. Siri inafichuka. Baada ya kukimbizwa mitaani, Seymour anarudi dukani na kuingia mwenyewe ndani ya kinywa akiwa na kisu, akikusudia kuua. Chipukizi la mwisho linapochanua, uso uliomo ni wake. Unatamka maneno machache ya kujitetea, kisha ua linainama.

Mambo mengi ya kuchekesha katika kisa hiki yamo katika lugha, si katika mmea. Mushnick anasema Kiingereza cha Wayahudi wahamiaji, chenye viambishi na mpangilio wa maneno unaochechemea kwa makusudi. Audrey anachanganya maneno yanayokaribiana sauti. Askari wapelelezi wanazungumza kwa sauti kavu isiyopanda wala kushuka, wakiiga mchezo wa polisi uliopendwa katika televisheni za Marekani wa Dragnet. Mmoja anataarifu msiba wa mtoto wake kama anayesoma orodha ya bei. Baadhi ya wasambazaji walisita kuichukua filamu wakihofu kwamba watu kama Mushnick wangeonekana kuwa dhihaka kwa Wayahudi. Ni hofu ambayo mchunguzi wa vichekesho vya Kiswahili ataielewa mara moja, kwa maana jukwaa letu nalo limezoea kumchekesha mtazamaji kwa lafudhi ya mtu wa bara fulani au ya Mwarabu wa dukani, na mpaka kati ya mzaha wa utani na mzaha wa dharau haujawahi kuchorwa kwa rula.

Nunda, boga, na mmea

Katika mkusanyiko wa ngano za Kiswahili uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, imo hadithi ya Sultani Majinuni. Sehemu yake ya pili inahusu paka. Paka wa sultani anaanza na ndama. Watu wanashitaki, sultani anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anapanda: mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia; na kila shitaka linapata jibu lile lile. Anapomla mtoto wa mtu jibu halibadiliki. Hatimaye anatoka mjini akakaa njiani, si paka tena bali Nunda, mla watu, na sultani anajua ukweli siku watoto wake mwenyewe wanapoliwa.

Mushnick na Sultani Majinuni wanafaa kuwekwa kwenye meza moja. Wote wawili wanaona mapema. Wote wawili wana uwezo wa kukata shina lingali laini. Sultani anazuiwa na kiburi cha umiliki, na Mushnick anazuiwa na droo ya fedha. Hiyo ndiyo tofauti ya himaya na soko. Ngano ya Unguja ni kali zaidi katika jambo moja: sultani hasingiziwi kutojua. Anaambiwa waziwazi, na watu waliojaa hofu, mara nyingi mno. Filamu inampa Mushnick usiku mmoja wa kuona na asubuhi moja ya kunyamaza, ikamaliza kazi.

Upande wa Seymour ulinganisho unageuka. Anayemuua Nunda ni mtoto mdogo wa sultani, kitinda mimba, aitwaye Mkaajikoni, jina linalomdharau kabla hajafanya neno. Anakwenda mwituni, anaua mnyama, anamburuta hadi nyumbani huku akiimba kwamba amemuua Nunda, na mama yake anamwambia siye. Mnyama wa kwanza ni mbwa. Kila safari mnyama ni mkubwa zaidi, na kila safari kiitikio cha mama ni kile kile. Hadhira inayosikiliza inacheka, hasa watoto, wakati katika ngano hiyo hiyo ndugu zake kijana wamekwisha kuraruliwa. Wahakiki wanaodhani kwamba mchanganyiko wa kitisho na kichekesho ni uzushi wa sinema ya vijana wa Marekani wangefanya vyema kurudi kwa Steere. Seymour ni Mkaajikoni aliyepotea njia: mnyonge yule yule, mwenye mama yule yule wa kuchekesha, lakini badala ya kumwinda mla watu anamwindia. Anapokuja kushika kisu amechelewa.

Karibu zaidi na mmea ni hadithi ya Washambaa ambayo Alice Werner aliiingiza katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu visasili vya Wabantu. Humo watoto wanaocheza shambani wanaona boga kubwa, wanalistaajabia, nalo linawajibu kwa maneno kwamba likichumwa nalo litachuma. Likakua, likameza watu wa kijiji, likabaki na mwanamke mmoja mjamzito. Mtoto aliyezaliwa ndiye aliyekuja kuliua. Mmea unaosema, unaokua kwa kula watu, ulikuwapo Usambara muda mrefu kabla ya kamera za Corman. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Griffith aliusikia. Fasihi ya Kiingereza ina maua yake yanayokula watu, ikiwa ni pamoja na okidi ya H. G. Wells katika hadithi fupi ya mwaka 1894. Ufanano wa aina hii hautokani na kuazimana, na haufai kugeuzwa kuwa hoja ya nani alitangulia.

Kinachofaa kutazamwa ni mwisho. Katika visa vingi vya Afrika vya dubwana linalomeza watu, tumbo likipasuliwa waliomezwa hutoka wazima, na mara nyingi hutoka na mifugo yao. Filamu ya 1960 inaikaribia picha hiyo kwa namna ya kushangaza: waliomezwa wanarudi, wanaonekana, nyuso zao zinafunuka mbele ya watu. Lakini wamerudi kama maua. Ngano inarejesha jamii. Filamu inarejesha ushahidi. Kwa mtazamaji aliyelelewa na ngano, ucheshi wa tukio lile una ubaridi ambao pengine mtazamaji wa Los Angeles hakuuhisi.

Mali isiyo na mwenyewe

Filamu ilipotoka ilizungushwa na kampuni ya Filmgroup, ya Corman na nduguye Gene, na baadaye ikaoanishwa na filamu ya Mario Bava iliyojulikana Marekani kwa jina la Black Sunday. Corman hakutazamia kwamba ingekuwa na thamani baada ya mzunguko huo wa kwanza, hivyo hakujishughulisha na hakimiliki yake. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1909, iliyokuwa ikitumika, kazi iliyotolewa bila tangazo sahihi la hakimiliki ilipoteza ulinzi na kuwa mali ya umma. Kilichofuata hakikupangwa na mtu. Vituo vya televisheni vilivyotafuta kitu cha kujaza saa za usiku vilikuwa na filamu isiyodai malipo. Watoto wa miaka ya 1960 na 1970 waliikuta wakiwa wamechelewa kulala, wakaisimulia shuleni kesho yake. Nicholson alipopata umaarufu kwa Easy Rider (1969), na zaidi baada ya One Flew Over the Cuckoo's Nest (1975), wauzaji wa kanda za video walianza kuweka uso wake juu ya majalada, ingawa ndani anaonekana dakika chache tu. Mwaka 1987 ikatokea hata nakala iliyotiwa rangi.

Hivi ndivyo washabiki walivyopatikana. Neno linalotumika katika Kiingereza kuwaeleza washabiki wa namna hii limechukuliwa kutoka katika ibada, lakini hapa ibada haikuwa na hekalu. Filamu ilienea kama ngano ienezwavyo, kwa sababu kila aliyeipata aliweza kuitoa tena, vizuri au vibaya, kwa nakala safi au iliyokwaruzika. Mtu aliyeitazama katika kanda mbovu hakuwa na njia ya kujua giza lipi lilikusudiwa na lipi lilitokana na kurudufiwa mara ya kumi.

Ikafika mwaka 1982. Howard Ashman na Alan Menken waliigeuza kuwa tamthilia ya muziki New York, ikaanza katika ukumbi wa WPA mwezi Mei na kuhamia Orpheum mwezi Julai, ambako ilidumu hadi Novemba 1987 kwa maonyesho 2,209. Mwaka 1986 Frank Oz aliitengeneza tamthilia hiyo kuwa filamu, kwa gharama ya takriban dola milioni 25. Mwanafunzi aliyezoea kulinganisha matoleo ya ngano moja atajikuta nyumbani. Krelboyne amekuwa Krelborn. Audrey Junior amekuwa Audrey II. Mbegu za mkulima wa Kijapani zimetoweka, na mmea sasa umeshuka kutoka anga za juu wakati wa kupatwa kwa jua. Daktari wa meno, aliyekuwa mtu wa kupita tu, amekuwa mpenzi katili wa Audrey, na hivyo kifo chake kinampa Seymour sababu ambayo toleo la kwanza halikumpa. Mgonjwa apendaye maumivu, aliyeachwa katika tamthilia ya jukwaani, anarejea katika filamu ya 1986 akiigizwa na Bill Murray, kama kipengele cha ngano kinachorukwa na mtambaji mmoja na kuokotwa na mwingine.

Kuhusu mwisho, mapambano yalikuwa makali. Tamthilia inawaua wote, na Oz alipiga mwisho wa namna hiyo, mimea mikubwa ikiangusha miji. Watazamaji wa majaribio waliukataa: walikuwa wamewapenda vijana wale wawili na hawakukubali waliwe. Mwisho ukapigwa upya, wapenzi wakaokoka. Ule wa kwanza ulirejeshwa na kutolewa kwa umma mwaka 2012. Hadhira inayomzuia fanani na kumtaka ageuze kisa ni jambo ambalo vitabu vya fasihi simulizi hulieleza kwa mifano ya barazani. Hapa lilitokea katika kumbi za California, kwa gharama kubwa, na fanani akatii.

Afrika Mashariki ina uzoefu wake wa jambo hili. Tangu enzi ya vibanda vya video, wasimulizi kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya wamezichukua filamu za kigeni na kuzisimulia upya kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, wakiongeza mizaha, majina ya mitaa na maoni ambayo mtunzi hakuyafikiria. Watayarishaji wa filamu za video za kutisha za Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Mussa Banzi katika Nsyuka, walifanya kazi kwa fedha kidogo na siku chache, wakichota katika imani za wenyeji na katika sinema za nje kwa mkono mmoja. Wahakiki wamekuwa wepesi kuzipima kazi hizi kwa ubora wa taa na sauti. Kwa kipimo hicho Duka Dogo la Vitisho lisingefika mwaka 1961.

Nani alisema

Hata hivyo sifa za mali ya umma zisiimbwe bila kiasi. Kazi isiyo na mwenyewe haimaanishi kazi isiyofanywa na mtu. Griffith, aliyefariki mwaka 2007, aliandika mswada, akaigiza mwizi, akamleta bibi yake Myrtle Vail kuwa mama wa Seymour, akasimamia picha za mitaani, na zaidi ya yote alikuwa sauti ya mmea. Sauti hiyo haikukusudiwa kubaki. Alisimama nje ya upeo wa kamera akisoma maneno ya mmea ili waigizaji wapate cha kujibu, sauti nyingine ikitarajiwa kuwekwa baadaye. Lakini wenzake walicheka, na hapakuwa na fedha wala hamu ya kubadili. Katika filamu ya 1986 sauti ni ya Levi Stubbs, mwimbaji wa The Four Tops, nzuri na nzito kuliko ya Griffith, lakini mpangilio wa madai yake, yanayoanza kwa kuomba na kuishia kwa kuamuru, umetoka katika kinywa cha mtu yule aliyekuwa akisoma tu. Muziki na maneno ya 1982 yalilindwa kisheria barabara. Mmea uliokuwa wa wote ukapandwa upya ndani ya ua.

Safari ya Nunda haiko mbali na hiyo. Kutoka katika kitabu cha Steere, Andrew Lang alikichukua kisa na kukiweka katika mkusanyiko wake wa mwaka 1901, na mwaka huo huo George W. Bateman alichapisha Chicago kitabu cha ngano za Unguja kilicho na toleo lake la Mkaajikoni. Majina yaliyo juu ya majalada ni Steere, Lang na Bateman. Waliotamba hawamo juu ya majalada hayo, ingawa viitikio, mpangilio wa wanyama kutoka mbwa hadi tembo, na ule ucheshi wa mama asiyeshangazwa na lolote ni kazi ya midomo yao, iliyosuguliwa usiku hadi usiku mbele ya watu waliojua kucheka mahali panapostahili.

Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu ulinzi wa sanaa za jadi. Ni hatua iliyokusudia kuzuia mambo ya namna hiyo, na wanafunzi wa fasihi wanapaswa kuisoma kama wanavyosoma nadharia. Lakini ulinzi una uzito wake. Mtunzi kijana wa Lushoto anayetaka kuligeuza boga la Usambara kuwa filamu ya siku mbili, yenye kutisha na kuchekesha, anahitaji uhuru ule ule ambao vituo vya televisheni vya Marekani viliupata kwa bahati. Na wazee waliolihifadhi boga hilo wana haki ile ile ambayo Griffith aliidai kwa kuwa alikuwa na jina la kuandikwa. Tamthilia ya 1982 ilimtaja, chini ya Corman, katika mstari unaoeleza chimbuko la kazi. Mstari wa aina hiyo kwa ajili ya Nunda, wenye jina la mtambaji hata mmoja wa Unguja, haumo juu ya jalada la kitabu chochote kati ya vile vitatu.